Jina la Mashua

Mimi ni mtu wa Mtambile, na Mtambile si pwani. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhani baharia. Kwetu ni kwa mikarafuu. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikabaki kuwa ndiyo shamba kubwa la karafuu, watu wa sehemu zetu wamezoea kutazama juu, kwenye matawi, kuliko kutazama mbali, kwenye maji. Bahari kwetu ni kitu cha kuendea. Ukitaka meli unateremka Mkoani. Ukitaka samaki, au ukiwa na ndugu kule, unashika njia ya Kengeja mpaka Chokocho, pale watu wanapovukia kwenda Kisiwa Panza.

Mimi nilikuwa na ndugu kule. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mvuvi wa Chokocho. Na jambo lililonikaa rohoni kwa muda mrefu kuliko jambo jingine lolote la utoto wangu lilitokea kwake, mwaka 1975, nilipokuwa darasa la sita. Ni jambo dogo: jina la mashua.

Mjomba alikuwa akivua kwa ngalawa, na alitamani mashua kama mtu anavyotamani nyumba yake mwenyewe. Akatafuta fundi, akatafuta mbao za mwembe, na kazi ikaanza chini ya kivuli karibu na maji. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini kuunda kuna gharama. Mkuku ukalazwa, mataruma yakasimamishwa, mbao chache zikapigwa, na fedha zikamalizika. Kwa miezi mingi mashua ikakaa pale mbavu nje, kama mnyama aliyekufa kwa njaa, na watoto wakiichezea.

Aliyeikwamua ni mkewe. Mkaza mjomba alikuwa na mikarafuu yake upande wa kwetu Mtambile, aliyoirithi kwa baba yake, na alikuwa na bangili mbili za dhahabu. Mali ya mwanamke katika sheria yetu ni yake. Mume hana haki ya kuigusa ila kwa ridhaa yake. Msimu ule alichuma, akaanika, akauza, na fedha yote akaitia katika mashua. Ilipokuwa bado haitoshi, akavua bangili. Mama yangu alikuwapo siku hiyo, na mara nyingi alinihadithia yaliyosemwa. Mjomba alisema, "Nitakulipa." Mkewe akajibu, "Mimi sitaki unilipe. Nataka iitwe jina langu." Mjomba akacheka kwa furaha, akakubali.

Sasa inabidi nieleze kwa nini jambo hilo, rahisi kulikubali ukumbini, lilikuwa zito kulitimiza pwani.

Kiswahili chetu hakina uke wala uume katika viambishi vyake. Mtu akisema "amefika", huwezi kujua kama ni bwana au bibi. Tuna watu, na tuna vitu. Vyombo vya baharini vyote vimo katika vitu, tena vimetawanyika: chombo kimefika, jahazi limefika, mashua imefika, mtumbwi umefika. Lakini nimesikia kwa masikio yangu, pale Chokocho, kwamba chombo kikishapewa jina, na hasa jina la mtu, watu husahau ngeli ya vitu. Hawasemi tena "imefika", husema "amefika". Jina ndilo linalokitoa chombo katika vitu na kukitia katika watu. Na kikishaingia katika watu, kila neno la kazi ya bahari linageuka. Mashua hupandwa. Mashua huvuja. Mashua hulazwa ubavu ikapakwa shahamu. Mashua husukumwa na wanaume kumi huku wakiimba. Liweke jina la mke wa mtu mbele ya maneno hayo, kisha mwachie mvuvi mtani asiye na kazi siku ya upepo mkali, uone kitakachotoka.

Nao walianza hata kabla rangi haijapakwa. Habari ilipovuja kwamba mashua itaitwa jina la mke, pwani ikapata mchezo. Mmoja aliuliza mke wa fulani atapakia watu wangapi. Mwingine akauliza kama amekwisha kukalafatiwa. Mjomba alicheka siku ya kwanza, siku ya pili akatabasamu, siku ya tatu hakucheka. Mzee mmoja akamwita pembeni akamwambia kwa upole kwamba jina la mwanamke ni stara yake, halifai kuandikwa kwenye tezi likasomwa na kila mtu kutoka Mkoani mpaka Tanga. Naamini mzee yule alikusudia heri.

Utaona, ukitembea bandarini kwetu, njia ambayo watu wa pwani wameipata ya kupita katikati. Majina mengi ya vyombo ni dua: Tawakal, Salama, Rahma, Neema, Subira. Ni sifa njema, ni maombi kwa Mungu, hakuna wa kuyatania. Lakini hebu yatazame tena. Salama, Rahma, Neema, Subira: si ndiyo majina tunayowapa binti zetu? Mashua ikiitwa Rahma, ni rehema au ni Rahma wa nyumba ya pili? Mwenyewe tu ndiye anayejua. Hivyo ndivyo lugha isiyo na uke wala uume inavyoficha uke mahali penye heshima. Wengine wanafanya kwa wazi. Waarabu huita safina kwa sauti ya kike na markabu kwa sauti ya kiume, ingawa vyote viwili ni vyombo. Sayyid Said, alipotuma meli yake ya biashara Marekani, ikafika New York mwezi wa Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, meli hiyo iliitwa Sultana, jina la kike bila kificho. Ila Sultana si mke wa mtu wa Chokocho.

Jioni moja kabla ya siku ya kuishua, mjomba aliniita. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na mwalimu wangu alizoea kunipa chaki niandike ubaoni. Akanipa kopo la rangi nyeupe ya mafuta na brashi mbili, akasema, "Mjomba, andika Subira. Herufi kubwa, zisomeke kwa mbali."

Nikamuuliza, maana mama alikuwa amekwisha kunihadithia, "Si jina la mkaza mjomba?"

"Subira ni yeye," akanijibu. "Nani aliyesubiri kuliko yeye?"

Jibu lilikuwa zuri, na hata leo sidhani kwamba alikuwa akidanganya. Nikaandika SUBIRA, herufi sita, kulia kidogo kuliko ilivyotakiwa, kwa sababu mkono ulitetemeka kwenye S.

Usiku ule nililala kwao. Watu walipokwisha kula, mkaza mjomba alinifuata ukumbini na taa ya kandili. Hakulia wala hakulalamika. Alikuwa amekwisha kusikia. Herufi za Kirumi hakuzijua, lakini alisoma chuoni, na za Kiarabu alizisoma na kuziandika. Alinipa kipande cha karatasi ambacho juu yake alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya risasi. Akasema, "Mwanangu, alfajiri kabla hawajaja, ingia ndani. Chini ya ubao wa kukalia, karibu na tezi, upande wa ndani, andika hivi hivi. Hataliona mtu. Mimi nitajua."

Nikasema, "Vyema."

Alfajiri nilikwenda. Rangi ilikuwapo, brashi ilikuwapo, karatasi ilikuwa mfukoni. Niliingia nikalala chali chini ya ubao ule. Kisha nikasikia sauti ya mjomba na watu wakija na ubani, nikaogopa. Si kwamba angenipiga. Hakunipiga hata siku moja. Niliogopa aibu yake, na niliogopa kuulizwa. Nikatoka upesi nikasimama kando kama niliyekuja kutazama tu. Ikasomwa Yasini, dua ikaombwa, wali ukaliwa, wanaume wakaisukuma, na Subira akaingia majini. Mkaza mjomba alisimama mbali, na wanawake wenzake, chini ya minazi. Nilipompita aliniuliza kwa macho tu. Nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Kichwa kimoja kilichoinama mara moja.

Nilidhani nitaandika siku nyingine. Lakini mimi niliishi Mtambile, na mashua ilikuwa ikitoka na kurudi, na kila nilipofika Chokocho palikuwa na watu. Baada ya mwaka nikaona ni jambo la kitoto. Baada ya miaka mitatu nikawa nimelisahau, au nilijisingizia kusahau. Nikamaliza skuli, nikawa mwalimu mimi mwenyewe.

Katika masomo nikakutana na jambo la uke wa meli kwa njia nyingine. Tulifundishwa kwamba Waingereza wana viwakilishi vitatu, cha mwanamume, cha mwanamke na cha kitu, lakini meli, ambayo ni kitu, huitwa kwa kile cha mwanamke. Darasa zima lilicheka. Mimi nilikumbuka pwani ya Chokocho na sikuweza kucheka. Hao nao, miaka mingi baadaye, wameanza kubadilika: gazeti la London la habari za meli, Lloyd's List, ambalo lilianza karne ya 18, mwaka 2002 liliamua kuacha desturi hiyo na kuziita meli kama vitu vingine. Wako walioona ni maendeleo, na wako walioona meli imepungukiwa na kitu.

Nikaanza pia kuyatazama majina ya vyombo kama mtu anayetafuta udhuru wake. Nikaona kwamba wakubwa nao hawalichukulii jina kuwa jambo dogo. Wajerumani walipounda meli ya Ziwa Tanganyika waliipa jina la gavana wao, Graf von Götzen. Wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Chuma kile kile, injini ile ile, lakini gavana ameshushwa na ziwa limepandishwa. Na hapa kwetu, Januari 1964, Sultani Jamshid aliondoka Unguja kwa meli iliyoitwa Seyyid Khalifa, jina la babu yake. Nimepata kuwaza usiku ule: mtu anaacha kila kitu, na kinachomchukua ni jina la babu. Baada ya hapo meli zetu za serikali zikaitwa Mapinduzi na Maendeleo, na iliyofika mwaka 2015 ikaitwa Mapinduzi II. Aliyeshika usukani ndiye anayeandika jina.

Najua pia kwamba jina halizuii maji. Jina si farumi, haliwezi kukitia chombo uzito kikiyumba. MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja kwetu Pemba, na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Majina hayo leo hatuyataji kama majina ya meli. Tunayataja kama majina ya misiba. Basi kama jina halikingi kitu, kwa nini mwanamke mwenye akili timamu atoe bangili zake kwa ajili ya jina?

Jibu nililipata mwaka 1994, na nililipata kwa aibu.

Mjomba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Subira, ambaye alivua na kupakia chokaa na nazi kwa karibu miaka ishirini, alikuwa amelala mchangani, mbao zimeliwa na wadudu wa baharini. Warithi wakakubaliana avunjwe: misumari iuzwe, mbao nzuri zitumike, mbovu ziwe kuni. Mkaza mjomba akaniletea salamu Mtambile. Alisema hataki chochote katika mashua ila ubao mmoja. Mwanangu anaujua ni upi.

Sikulala usiku ule. Nataka niseme kweli yote: nilifikiri kumdanganya tena. Ubao ulikuwa mzee, mweusi. Ningeweza kuandika jina kwa ncha ya kisu, nikalipaka masizi, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu. Hata kisu nilikichukua. Nilikwenda pale pwani, nikaubandua ubao ule, nikaugeuza. Ulikuwa mtupu. Palikuwa na doa moja tu la rangi nyeupe, ukubwa wa kidole gumba, ambalo lilidondoka kwenye brashi yangu alfajiri ile.

Niliuchukua ubao hivyo hivyo, nikampelekea. Alikuwa amekaa barazani anapeta mchele. Nikaketi chini, nikamwambia. Aliendelea kupeta. Niliendelea kusema, maana mtu mwenye kosa husema sana, nikaeleza habari ya sauti niliyosikia na ubani na umri wangu. Alipoona nimemaliza, akaweka ungo chini.

"Miaka yote ile," akasema, "kusi likivuma usiku na yeye yuko nje, nilikuwa nikijiambia: hayuko peke yake, nimo."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa peke yake."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliupokea ubao, akapitisha vidole juu ya lile doa, na akautia ndani. Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, mwaka 2003, alinipokea kama zamani, akanipikia, akaniulizia watoto. Lakini hatukuitaja mashua tena.

Hapo ndipo nilipofahamu. Nilidhani jina ni la kuonekana, kama tangazo, ndiyo maana niliona haidhuru likikosekana mahali ambapo hakuna anayeliona. Wanaume wa pwani nao walidhani hivyo, ndiyo maana waliona ni kosa likionekana. Kwake yeye jina halikuwa la watu kusoma. Lilikuwa nafasi yake ndani ya chombo. Mwanamke wa wakati ule hakupanda mashua ya uvuvi. Mali yake ilikwenda baharini, mume wake alikwenda baharini, yeye akabaki chini ya minazi. Jina lilikuwa ndilo lipande kwa niaba yake. Na Subira, kwa uzuri wake wote, lilikuwa jina la kazi aliyopewa ya kufanya nchi kavu.

Sasa mambo yamegeuka kwa njia ambayo mjomba asingeweza kuiota. Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi tangu hapo ni wanawake. Kwa miaka mingi walifanya kazi maji yakitoka, kwa miguu, wameinama, jua mgongoni. Lakini maji ya kina kifupi yamezidi joto, na ule mwani wenye bei nzuri, unaoitwa kotonii, haustahimili joto hilo. Hunyauka na kukatika. Anayetaka kuulima lazima afuate maji ya kina zaidi, na huko hufiki kwa miguu. Hivyo wanawake wanahitaji vyombo.

Binti yangu ameolewa Chokocho. Mwaka juzi yeye na wenzake tisa walichanga wakanunua boti ndogo ya faiba. Akaja Mtambile, akaniambia, "Baba, wewe una mwandiko. Njoo utuandikie jina." Nikamuuliza jina gani. Akasema bado wanabishana: wengine wanataka Nia Njema, wengine wanataka Subira.

Niliposikia hilo la pili ilinibidi nikae kitako. Nikamhadithia yote kama nilivyokuhadithia wewe, msomaji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu baada ya mwenyewe kufariki. Binti yangu hakusema kitu. Aliondoka, na baada ya siku tatu akapiga simu: wamekwenda kwa watoto wa marehemu, wameomba ruhusa, wamepewa. Jina ni lake.

Siku niliyokwenda palikuwa na mzee aliyesema maneno yale yale ya stara niliyoyasikia mwaka 1975. Alisema kwa upole, kama yule wa zamani. Aliyemjibu hakuwa binti yangu. Alikuwa mkubwa wao katika kikundi, mama wa makamo aliyekuwa akifunga kamba za mwani. Hakuinua hata kichwa. "Babu," akasema, "sisi wenyewe ndio tunaompanda. Nani atamtania?"

Nikaandika. Kulia na kushoto, nje, kwa herufi za Kirumi. Kisha nikaingia ndani, nikalala chali kwa taabu ya umri wangu, na chini ya ubao wa kukalia, upande wa tezi, nikaandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyoniandikia kwenye karatasi. Safari hii watu walikuwapo, wakasimama wakinitazama, na sikutoka mpaka nilipomaliza.

Wakati wa maji kupwa nilisikia watoto wakipiga kelele kutoka ukingoni. Hawakusema "inakuja". Walisema "anakuja", wakataja jina, nami nikasimama chini ya minazi, pale pale alipokuwa akisimama yeye.

Jina lenyewe sikuliandika hapa, na msomaji asinione mchoyo. Nimelichelewesha sana mahali pake, sitaki sasa kulitia mahali pasipo pake. Anayetaka kulisoma ashike njia ya Kengeja, ateremke Chokocho, asubiri maji yajae.